Gitaa usiuze kwanza

Mwanangu, mambo vipi huko Tanga? Mama hajambo, shemeji na watoto wazima? Sisi huku tupo, joto la Dar unalijua. Nimekaa kimya tangu msiba wa kina Side, lawama nazipokea zote, ila juzi Shebe kanipigia akanimwagia mambo mawili kwa mpigo: mashine ya randa imekukata vidole viwili, na gitaa umeshampa dalali. La kwanza limeniuma sana, la pili ndo limeninyima usingizi.

Pole sana ndugu yangu, pole mno. Shebe anasema ni kidole cha kati na cha pete, mkono wa kushoto, ila zaidi ya hapo hajui, yeye alikuwa anaongelea bei ya gitaa tu.

Sasa nisikilize. Unaikumbuka ile kanda ya kaka yako ya Black Sabbath, ile bendi ya rock ya Waingereza, tulivyokuwa tunairudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili tusimalize betri za redio, mama anapiga kelele jikoni eti tunamfugia majini ndani ya nyumba? Tulikuwa tunasema huyu mpiga gitaa ana vidole vya chuma. Kumbe jamaa alikuwa na vidole pungufu! Tony Iommi, mwaka 1965, ana miaka 17, siku yake ya mwisho kazini kwenye kiwanda cha mabati kule Birmingham, mashine ikamla ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete. Vilevile kama wewe. Ni mkono wa kulia, lakini yeye anapiga shoto, kwa hiyo huo huo ndo unaobonyeza nyuzi. Akaambiwa gitaa asahau.

Akakata tamaa kabisa, mpaka msimamizi wake wa kazini akamletea santuri ya Django Reinhardt, yule wa jazi aliyeungua moto mkono wa kushoto akawa anapiga solo zake kwa vidole viwili. Basi jamaa akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaiyeyusha, akaifinyanga kama subana ya fundi cherehani, juu akabandika ngozi ili isiteleze kwenye nyuzi. Nyuzi nene zikawa zinamuumiza, akatafuta nyembamba, hata za banjo alifunga, halafu baadaye akaanza kuzilegeza, albamu yao ya 1971 nyimbo kadhaa kazishusha nusu sauti tatu nzima. Ule mngurumo mzito uliokuwa unatetemesha vikombe kabatini kwenu, ambao nusu ya bendi za metal, ile rock nzito, duniani zimeufuata mpaka leo, kwa sehemu kubwa umetokea hapo, mtu anatafuta namna ya kubonyeza bila kuumia. Nikiufikiria nasisimka mwili mzima.

Na hajaacha. Tarehe 5 Julai 2025 walipopiga pale uwanja wa Villa Park, Birmingham, nilimaliza bando lote kwa vipande vya video, Ozzy, mwimbaji wao, amekaa kwenye kiti chake na ugonjwa wa Parkinson umemshika, anaimba hivyo hivyo, pembeni Iommi, miaka 77, subana zake kidoleni. Siku 17 baadaye Ozzy akafariki. Nilitaka kukupigia usiku ule nikashindwa, nilijua ukipokea tu nitalia.

Ndo maana nasema gitaa usiuze. Tulichanga miaka miwili kulinunua, hela ya mitumba na ya kubeba zege, wale wa mtaani wakituambia rock ni ya wazungu na sisi tukiwajibu Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kazaliwa Unguja. Huku kuna fundi viatu ana ngozi laini sana, nimeshaongea naye, anachotaka ni vipimo tu. Nyuzi nyembamba nitakutumia mimi kwa basi la Jumamosi.

Dalali kakupa shilingi ngapi, na ushazitumia? Kama ni hospitali ndo imezila niambie ukweli, nitatuma za kulikomboa, tutaelewana mbele ya safari. Kidonda kimefunga? Zimeenda ncha tu au mpaka kwenye kiungo? Kidole cha shahada na cha mwisho vinakunja vizuri? Ampli bado iko kwa mjomba au nayo imeondoka? Na shemeji anasemaje?

Nijibu leo leo, kabla huyo dalali hajapata mteja.