Shukrani kwa yule kijana wa Darajani

Jamani nataka nimshukuru kijana mmoja wa Darajani, jina hata hakutaka kunambia. Kompyuta ya dukani tumeiongeza ramu (vile vibao vya kumbukumbu) basi ikagoma, feni zinazunguka skrini giza tupu, fundi wa mwanzo akasema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa tununue nyengine. Huyu kijana kachomoa waya wa umeme kwanza, katoa ramu zote, kazifuta meno yake, pale zinapogusana na bodi, kwa raba ya penseli, akawa anarudisha moja moja anawasha, mpaka ikajulikana mpya na ya zamani hazipatani. Akatoa kile kibetri cha CR2032 akakirudisha ili bayosi, ile programu ya kuwashia kompyuta, isahau setingi, ikawaka na ile mpya peke yake. Mafundi wengine nanyi pimeni kwanza jamani! Pesa kakataa, kanywa soda tu. Yakhe, Mungu akuzidishie.