Kwa nini kasti (chuma cha kumimina) iliyokwisha kuchomelewa tunaitoza zaidi

Wiki iliyopita mteja mmoja wa karakana yetu ya kuchonga vyuma alitwambia mbele za watu kwamba sisi ni wezi. Alileta kuchongwa hausing ya beringi, yaani kikombe cha kasti kinachoishika beringi, ya mashine ya kusaga nafaka, tukamtajia Sh 45,000. Baada ya nusu saa tukampigia simu: imefika 120,000. Ningekuwa yeye, hata mimi ningekasirika. Ila si wa kwanza, na mvutano huu unarudi kila mara, ndiyo maana naandika.

Hausing ile ilikuwa na ufa. Kabla ya kuja kwetu aliipeleka kwa fundi wa mageti, akaichomelea kwa fimbo za kawaida, ikapitishwa grenda, ikapakwa rangi. Sisi hatukuambiwa. Kijana wetu akaifunga kwenye lethi, mashine inayozungusha chuma kikichongwa, akaweka kisu cha kabaidi, ncha ngumu ya kukatia chuma. Kisu kilikuwa kinakata vizuri, mara mlio ukabadilika: tak, tak, tak, kila mzunguko. Tulipozima mashine, ncha ilikuwa imemeguka, na ndani ya tundu kuna mstari unaong'aa, upana wa njiti ya kiberiti. Nikaupitishia tupa. Ikateleza kama inapita juu ya sahani ya kaure.

Kasti ina kaboni nyingi, kama asilimia 2.5 hadi 4. Chuma laini cha fleti na nondo za mageti hakifiki hata nusu asilimia. Kasti ikipoa taratibu, kaboni hiyo hukaa ndani kama vipande vyembamba vya grafiti, ndio huo unga mweusi unaotuchafua mikono, na kisu hupita bila shida. Ukiichoma kwa moto wa ghafla ikiwa baridi, chuma kilichozunguka mshono hunyonya joto mara moja, na kaboni haipati muda wa kutulia. Inashikana na chuma na kuwa kitu kigumu kama kioo, na kama kioo, kinapasuka. Drili ya kawaida hapo inaungua tu.

Wengi huuliza, basi si mtumie almasi, kwani si ndiyo ngumu kuliko vyote? Almasi yenyewe ni kaboni. Ikipata moto wa kukata, chuma huila, na ncha hulika haraka. Kwa chuma kigumu kuna ncha za boroni naitraidi, kitu kigumu karibu kama almasi, kilichotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957 na Robert Wentorf wa General Electric, Marekani. Tunazo. Lakini bei ya ncha moja hununua za kabaidi nyingi, na ikigongwagongwa na mshono usio sawa nayo humeguka. Siwezi kuihatarisha kwa kazi ya 45,000.

Kwa hiyo kazi ya mzee yule tulianza upya. Tuliukwangua mshono wote kwa grenda mpaka kwenye kasti safi, tukapasha moto hausing nzima, tukachomelea kwa fimbo za nikeli vipande vya sentimita mbili mbili, kila kimoja kinagongwa kwa nyundo ndogo kingali moto. Halafu tukaifukia kwenye majivu mpaka asubuhi. Hapo ndipo ilipochongeka. Beringi yake ni namba 6206, tundu la hausing linaloishika ni milimita 62, na nafasi tunayoruhusiwa kukosea ni sehemu tatu za mia za milimita, yaani 0.03. Hata pale kisu kinapotokea upande wa pili tunapunguza ukingo kwanza, maana kasti humeguka mwishoni kabisa, wakati wewe umeshaanza kufurahi.

Mwingine alikuja na tapu, kifaa cha kukatia hesi (njia ya skrubu), iliyokatikia ndani ya bloku ya chuma. Kabla ya hapo alikuwa ameipiga patasi, akaijaribu kwa drili tatu, akapanua tundu likaenda upande. Tapu ni chuma kilichotiwa ugumu, drili haiiwezi. Tunaitoa kwa mashine ya cheche: umeme unarukia kutoka kwenye elektrodi ya shaba na kuila tapu kidogo kidogo ndani ya mafuta, bila kugusana nayo. Njia hiyo ilianzishwa na mtu na mkewe, Boris na Natalya Lazarenko, huko Urusi ya Kisovieti, 1943. Kama angeileta mapema, tungetoa tapu tu. Ilibidi tutoe tapu, tujaze tundu, tutoboe upya na kukata hesi mpya.

Kwa hiyo ukija, tuambie kilichofanyika kabla, hata kama unaona aibu. Kama kimepasuka, kilete kilivyo, pamoja na beringi yake, tupime mbele yako. Mzee wa hausing alilipa akiwa amenuna. Jumatatu akarudi na hausing ya pili, imefungwa kwenye gunia, ufa upo wazi kabisa, haijaguswa na fimbo ya mtu. Hiyo tumeifanya kwa Sh 70,000.