Bunduki mpya ya bolti isipimwe kwa matundu matatu ya karatasi

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala ya gazeti lako iliyoieleza bunduki mpya ya bolti (chuma chenye mkono kinachosukumwa na kuvutwa ili kuingiza risasi na kuufunga mtutu), na kwa kuwa nimekuwa na bunduki ya aina hiyohiyo kwa majuma sita sasa, naomba nafasi niseme mambo ambayo mwandishi wako hakuyagusa. Aliisifu kwa sababu risasi tatu alizopiga kutoka umbali wa mita 100 zilitoboa karatasi karibukaribu, ndani ya duara ambalo sarafu moja ingelifunika. Simbishii, maana yangu nayo hupiga hivyo. Ila bunduki ya namna hii hujulikana mikononi kabla ya kujulikana kwenye karatasi, na si yote niliyoyaona mikononi yaliyonifurahisha.

Bolti yake ina meno matatu ya kujifungia, kwa hiyo mkono wake huinuliwa nyuzi 60 tu, badala ya nyuzi 90 za bolti nyingi zenye meno mawili. Faida yake huonekana mara tu darubini inapofungwa, kwani vidole hupita chini ya darubini bila kuigusa. Hata hivyo springi ya pini inayoigonga risasi hukokiwa, yaani hukazwa tayari kupiga, kwa mzunguko mfupi zaidi, na ndiyo maana siku za mwanzo mkono huo ulikuwa mzito hata ukanilazimu kuiondoa bunduki begani kila nilipotaka kupakia risasi nyingine. Nilipaka grisi kidogo nyuma ya meno, nikaikoki na kuifyatua tupu mara nyingi, jioni baada ya jioni, na sasa imelainika. Hiyo sioni kuwa kasoro; bolti mpya huhitaji kuzoeshwa.

Kifyatulio ni kizuri, hakiburuti wala kulegea kidole kinapokivuta, na kilitoka kiwandani kikiwa kimewekwa kivutwe kwa nguvu ya karibu kilo moja na nusu. Kitako ni cha plastiki. Sehemu yake ya mbele hupinda kidogo bunduki inapoegemezwa kwenye miguu yake miwili ya kusimamia, na nilipopitisha kipande cha karatasi kati yake na mtutu nikakuta karatasi inakwama upande mmoja, maana hapo kitako huugusa mtutu, jambo ambalo fundi anaweza kulirekebisha kwa msasa.

Lililonishughulisha zaidi ni jinsi risasi inavyoingia chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Katika mfumo wa bunduki ya Kijerumani ya Mauser wa mwaka 1898, ukucha mrefu wa bolti hulikamata tako la risasi mara inapochomoka magazini, na hauliachii mpaka ganda litupwe nje. Bunduki ya Kimarekani ya Winchester Model 70 ilitoka mwaka 1936 ikiwa na ukucha wa aina hiyo, kiwanda kikauacha mwaka 1964 ili kupunguza gharama, kisha miaka mingi baadaye kikaurudisha kwa sababu wawindaji hawakuacha kuudai. Bunduki yetu mpya haina ukucha huo: bolti huisukuma tu risasi, na huikamata pale mpigaji anapoukandamiza mkono wa bolti hadi mwisho.

Siku ya tatu uwanjani nilipiga goti nikajaribu kupiga haraka. Baada ya risasi ya pili niliisukuma bolti mbele, nikaivuta nyuma kabla ya kuufunga mkono wake, kosa ambalo mtu yeyote mwenye haraka hulifanya. Risasi ya tatu ikabaki chemba, ya nne ikaja nyuma yake, na ncha yake ikasimama ikiielekea fataki (kiwashio cha baruti) ya mwenzake. Ilinibidi nitoe magazini, niivute ile ya nyuma kwa vidole, kisha nifunge bolti juu ya iliyobaki ndipo nipate kuitoa. Sisemi kwamba mfumo wa kusukuma ni mbovu. Bunduki ya Remington 700 ya mwaka 1962 inautumia, na wapiga shabaha wengi wameutegemea kwa miongo kadhaa. Nasema kwamba anayemfuata mnyama mkali, au anayebadilisha bunduki baada ya miaka mingi ya kutumia mfumo wa ukucha, ana haki ya kuelezwa tofauti hiyo kabla hajanunua, na makala haikuitaja hata kwa neno moja.

Sasa nifike kwenye kizuizi cha usalama, ambacho ndicho hasa kilichonifanya nishike kalamu. Kina hatua mbili tu. Kikiwa mbele, bunduki iko tayari kufyatuka. Kikiwa nyuma, kifyatulio na bolti vyote hufungwa. Maana yake ni kwamba anayetaka kuitoa risasi iliyomo chemba hana budi kukisogeza kizuizi mbele kwanza, aiweke bunduki katika hali ya kufyatuka, na ndipo afungue bolti, wakati pengine amechoka, giza linaingia na wenzake wamemzunguka. Mauser ya mwaka 1898 ilikuwa na hatua tatu, na ile ya kati huruhusu bolti kufunguliwa huku pini ikiwa imezuiwa. Model 70 nayo inazo tatu. Ni vigumu kwangu kuelewa kwa nini bunduki mpya iliyotengenezwa kwa mashine za kisasa imkoseshe mwenye nayo kinga ambayo mhenga wake alipewa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Juu ya zile risasi tatu, nina neno moja. Risasi tatu ni chache mno kuonyesha tabia ya mtutu. Yangu ilipiga tatu ndani ya milimita 21, yaani chini ya dakika moja ya pembe (sehemu ya sitini ya nyuzi moja), ambayo kwa mita 100 ni takriban milimita 29. Nilipopiga kumi kwenye shabaha moja, duara likafika milimita 43. Bunduki ilikuwa ileile, risasi za pakiti ileile. Mwindaji naye mara nyingi hupata risasi moja tu, na huipiga mtutu ukiwa baridi, kwa hiyo niliweka karatasi moja nikawa naipiga risasi moja kila asubuhi kwa siku tano. Zote tano zilikaa ndani ya milimita 35, na hiyo ndiyo sifa ya bunduki hii ambayo ningeiandika kwanza.

Iwapo mwandishi wako bado anayo bunduki aliyopewa kuijaribu, namwomba aijaze magazini, apige goti, apige risasi nne kwa haraka, kisha, huku mtutu ukielekea kwenye tuta la udongo, aitoe ya tano iliyobaki chemba akiwa amevaa glavu. Aandike alichokiona kidole chake kikikifanya kabla bolti haijafunguka.

Wako,
Msomaji na mpiga shabaha