Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Hifadhi ya Pamoja na Mnara Tulioujenga

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulipitisha azimio kwamba kila mwenye matofali ya ziada ya LEGO, yale ya plastiki ya kuchezea yanayoshikamana, ayalete katika hifadhi moja ya chama, na kwamba chama kijenge kitu kimoja kikubwa kwa mikono ya wote. Kabla ya hapo maonyesho yetu yalikuwa meza ndefu ya seti za dukani, kila seti na mwenyewe, na mgeni akiuliza swali anaambiwa angoje mwenye kitu arudi. Taarifa yangu itakaa zaidi kwenye azimio hilo, kwa sababu naamini ndilo lililokifanya chama hiki kuwa chama. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Kitu tulichochagua mnakijua: KICC, jumba la mikutano la kimataifa la Kenyatta jijini Nairobi, ambalo karibu kila mmoja wetu amepiga picha chini yake. Lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso wa hapa kwetu, likafunguliwa mwaka 1973, lina ghorofa 28 na urefu wa mita 105. Kwa mjenzi wa LEGO lina mitihani miwili mikubwa. Mnara ni wa mviringo, na matofali yetu yana pembe mraba. Ukumbi wa mikutano ulio pembeni nao una umbo la pia, kuta zake zikilala kuelekea ndani, wakati tofali linapenda kusimama wima.

Tulikubaliana uwiano wa 1 kwa 150, kwa hiyo mita 105 zikawa sentimita 70. Tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6 na bamba, yaani tofali jembamba, ni theluthi yake, milimita 3.2. Kila ghorofa tuliipa kimo cha bamba 7: tofali na bamba kwa ukuta, na tofali moja jeusi linalopitisha mwanga kwa dirisha. Ghorofa 28 zikatupa bamba 196, karibu sentimita 63, na zilizosalia tukaziachia kilele na kiwanja cha helikopta. Mviringo tuliupata kwa kugawa ukuta katika pande 16, kila upande ukiwa na upana wa nundu 4, zile za juu ya tofali zinazoshikana na tofali jingine, na kugeuka nyuzi 22.5 kutoka kwa jirani yake, zote zikishikwa kwa bawaba kwenye kiini cha mraba kilicho ndani.

Sasa pigeni hesabu. Pande 16 mara ghorofa 28 ni 448. Yalihitajika matofali 448 ya nundu 1 kwa 4 na mabamba 448 ya 1 kwa 4, yote ya rangi moja, halafu matofali mengine 448 ya dirisha. Hakuna mtu katika chumba hiki mwenye idadi hiyo ya kipande kimoja cha rangi moja nyumbani kwake, na hakuna seti dukani inayokuja na idadi hiyo. Hapo ndipo hifadhi ya pamoja ilipoonyesha kazi yake. Mmoja alileta 30, mwingine 12, mwingine akavunja gari alilolijenga na kulitunza miaka mingi ili atoe mabamba sita. Pengo lililobaki tuliliziba kwa agizo moja la pamoja kupitia BrickLink, soko la mtandaoni lililoanzishwa na Dan Jezek mwaka 2000 na kununuliwa na LEGO mwaka 2019. Kifurushi kimoja kikubwa, usafiri mmoja, safari moja ya forodhani. Wale mliowahi kuagiza peke yenu mnajua nauli inavyoweza kuzidi bei ya matofali yenyewe, na bado ushuru na VAT ya asilimia 16 vinasubiri Nairobi.

Kuhusu rangi tulibishana sana, na nafurahi tulibishana. KICC ina rangi ya udongo uliochomwa. Wengi walitaka kahawia nyekundu kwa sababu tunayo tele. Lakini kahawia nyekundu ya takriban miaka kumi kuanzia 2008 inajulikana na wajenzi duniani kote kwa kupasuka: unalibonyeza tofali mahali pake na linakatika ukingoni. Kuweka matofali ya namna hiyo chini ya mnara unaobeba uzito wake wote ingekuwa hatari. Tuliishia kwenye chungwa iliyokoza, ambayo ni adimu na ghali, na hapo ndipo sehemu kubwa ya akiba yetu ilipokwenda. Mimi niliiunga mkono na bado ninaiunga mkono. Watu waliokuja kwenye maonyesho waliutambua mnara ule kutoka mlangoni, kabla hawajasoma kibao.

Mchoro wote ulifanywa kwanza kwenye kompyuta kwa programu ya Studio, ambayo hailipiwi na hutoa orodha ya vipande vinavyohitajika pamoja na makadirio ya bei. Nawashukuru vijana wetu watatu walioushughulikia usiku baada ya kazi. Mnara waliugawa katika vipande saba vya ghorofa nne nne vinavyofungwa kwa pini za Technic, vile vipande vya LEGO vya mitambo, bila tone la gundi, na ndiyo sababu tuliweza kuusafirisha nyuma ya pikapu ukiwa umefungwa mablanketi, ukafika mzima, na ukasimama kabla chai haijapoa.

Siku ya pili ya maonyesho alikuja mzee mmoja na mjukuu wake. Alituambia alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa KICC akiwa kijana. Aliuzunguka mnara wetu mara kadhaa, akamwonyesha mtoto upande aliokuwa akipandishia zege, kisha akatuuliza kila kitu: bawaba ziko wapi, kiini kimejengwaje, kwa nini pande 16. Tulimfungulia kipande kimoja aone ndani. Kwa wale wanaotuuliza watu wazima tunafanya nini na vichezeo vya watoto, mimi sasa huwasimulia habari za mzee huyu.

Mvua za masika zilitupima. Paa la chumba tunachokodi lilivuja, na masanduku ya karatasi tuliyokuwa tukihifadhia yakalainika na kumwaga kila kitu sakafuni. Plastiki ya ABS, inayotumiwa kwa matofali haya tangu 1963, haidhuriki na maji, lakini tope huingia kwenye mirija ya chini na kuzuia vipande kushikana. Wanachama walikuja Jumamosi na mabeseni yao. Tuliosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, tukatenga mota na vipande vyenye stika, tukaanika juu ya vyandarua kivulini, maana jua hugeuza tofali jeupe na la kijivu kuwa la manjano. Hasara ilikuwa stika na mota mbili tu. Tangu siku hiyo hifadhi iko kwenye droo za plastiki juu ya rafu.

Tulipokuwa tukirudisha vitu tulibadilisha pia namna ya kupanga. Zamani tulipanga kwa rangi: droo ya nyekundu, droo ya bluu. Inapendeza kwa macho na inachosha kwa kazi, kwani ndani ya droo ya nyekundu unatafuta kipande kidogo chekundu katikati ya vyekundu vingine. Sasa tunapanga kwa umbo. Ukifungua droo ya mabamba ya 1 kwa 4, rangi unayoitaka inakurukia yenyewe. Naomba tusirudi nyuma katika hili, hata kama droo hazipigi picha nzuri kama awali.

Kilichonisumbua mwaka huu ni vitu vinavyoazimwa na kurudi pungufu au vikiwa vimechanganyika. Simnyoshei mtu kidole. Mtu akibeba mfuko wa matofali mia hawezi kukaa kuyahesabu, na anayepokea naye hana muda. Napendekeza tutumie mizani ya jikoni. Tofali la 2 kwa 4 lina uzito wa gramu 2.3 hivi, kwa hiyo mia ni gramu 230. Tupime mfuko ukitoka, tuandike kwenye daftari, tupime ukirudi. Kazi hii inahitaji mtu wake, na kwa hiyo kamati inaomba mkutano uanzishe nafasi ya mtunza hifadhi.

Jambo gumu zaidi liko mbele yenu leo: matofali ya kampuni nyingine yanayoshikamana na LEGO. Wenzetu wanaodamkia masoko ya Gikomba na Toi kufungua magunia ya vichezeo vya mitumba huleta mchanganyiko, na ukitaka kuutenganisha angalia juu ya nundu, LEGO huandika jina lake pale. Wapo wanaotaka vyote visivyo vya LEGO vitupwe. Sikubaliani nao. Hataza ya tofali la LEGO, yaani haki ya mvumbuzi, iliombwa Januari 1958 na ilikwisha muda wake zamani. Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 2005 na mahakama ya Umoja wa Ulaya mwaka 2010 zilikataa kuligeuza umbo la tofali kuwa alama ya biashara ya kampuni moja. Kutengeneza tofali linaloshikamana si wizi. Kunakili seti nzima, sanduku na mchoro wa mtu aliyeubuni, hilo ni jambo jingine, na polisi wa Shanghai walikamata watu kwa hilo mwaka 2019. Kiini cha mnara wetu, msichokiona, kina matofali mengi ya mitumba ya kila kampuni na kimebeba ghorofa zote 28. Pendekezo la kamati ni kwamba matofali ya kampuni nyingine yaruhusiwe ndani ya majengo ya pamoja na katika kazi binafsi zilizotangazwa hivyo, yasitumike kwenye ukuta wa nje ambako rangi zisizolingana huonekana, na seti zilizonakiliwa zisiwekwe kabisa kwenye meza za chama. Mwanachama mpya mwenye mshahara mdogo asifungiwe mlango kwa sababu ya jina lililo juu ya nundu.

Kamati inaomba pia ada ipande kutoka shilingi 500 hadi 700 kwa mwezi, ziada yote iende kwenye kodi ya chumba chenye paa zuri. Vilevile tunaomba idhini ya kuanza maombi ya kutambuliwa na LEGO kama klabu ya watu wazima, kwani klabu zilizotambuliwa huruhusiwa kuagiza vipande kwa jumla mara moja kwa mwaka. Usajili wetu hapa nchini uko sawa.

Kuhusu jengo la mwaka ujao, pendekezo langu binafsi ni Fort Jesus, ile ngome kongwe ya Mombasa. Ilianzwa na Wareno mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, ikawekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Kuta zake zinakaribiana na rangi ya mchanga, ambayo ni tele na rahisi kuipata, na ngome zake nne za pembeni zina pembe zitakazotulazimisha kujifunza upya kila tunachokijua kuhusu bawaba. Wenzetu wa Mombasa waliojiunga mwaka huu wamejitolea kutupokea na kutusaidia kupima. Wenye mapendekezo mengine wayawasilishe pamoja na mchoro wa awali wa Studio ili tulinganishe gharama.

Kura za ada, za matofali ya kampuni nyingine na za jengo jipya zitapigwa baada ya hesabu za mweka hazina. Majina ya wanaowania nafasi ya mtunza hifadhi yamfikie katibu kabla ya saa tano.