Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Michezo Tanga: Rudisha Fungu la Waweka Alama wa Kriketi

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako. Barua zetu za awali hazikupata majibu, na wiki iliyopita kikao cha bajeti kimelifuta ombi letu la madaftari ya mechi na mafunzo ya waweka alama, yaani wanaoandika kinachotokea katika kila mpira wa mechi, kwa maelezo kwamba kriketi ni mchezo usio na tija kiuchumi. Kwa kuwa sababu iliyotolewa ni ya kiuchumi, naomba nami nijibu kiuchumi, hadharani.

Juni 2022 haki za kutangaza ligi ya India, IPL, kwa misimu ya 2023 hadi 2027 ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 6, ambazo ukizigawa kwa mechi 410 unapata takriban dola milioni 15 kwa kila mechi. Soko hilo lilifunguliwa na Waingereza mwaka 2003, walipoanzisha mechi za mizunguko 20, kila mzunguko mipira sita, baada ya kuchunguza kwa nini watu wameacha kuja viwanjani. Mchezo ulipofupishwa, thamani ya kila kitu ndani yake ilibadilika. Katika mechi ya siku tano kilicho adimu ni wiketi, yaani nafasi za wapigaji kutolewa, lakini timu yenye mipira 120 na wiketi 10 huishiwa mipira kwanza, kwa hiyo mpigaji anayekaa sana bila kuongeza mikimbio, yaani pointi za kriketi, anaigharimu timu hata kama hajatolewa. Ndiyo maana siku hizi hapimwi tu kwa wastani wa mikimbio kwa kila anapotolewa, bali pia kwa mikimbio anayoipata katika kila mipira 100, na timu hutazama takwimu hizo kabla ya kupandisha bei katika mnada wa wachezaji. Desemba 2023 Kolkata Knight Riders walimnunua mrushaji Mitchell Starc wa Australia kwa rupia milioni 247.5.

Hata mvua imeingizwa katika hesabu. Katika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1992, mjini Sydney, Afrika Kusini walihitaji mikimbio 22 katika mipira 13; mvua ikanyesha, na waliporudi uwanjani walibakiwa na mpira mmoja, huku mikimbio waliyotakiwa kupata ikiwa karibu ile ile. Wanatakwimu wawili wa Uingereza, Frank Duckworth na Tony Lewis, walitunga kanuni ya kupanga upya lengo mvua inapokatiza mechi, iliyoanza kutumika mwaka 1997, ambayo huhesabu mizunguko na wiketi zilizobaki kuwa rasilimali ya timu. Wasingeweza kuitunga kama hapakuwa na watu waliokaa kando ya viwanja, mechi baada ya mechi, wakiandika yaliyotokea.

Watu wa namna hiyo ndio tunaowaomba hapa Tanga. Nina mrushaji kijana kutoka Ngamiani ambaye wapigaji wakubwa wanamwogopa, lakini alipoulizwa kumbukumbu zake na wateuzi wa timu ya vijana hakuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha, akarudi nyumbani. Nilipiga mistari madaftari ya shule kwa mkono wangu, usiku, niliyoyanunua kwa mshahara ambao haunitoshi mimi na wanangu, na bado hayatambuliwi popote kwa sababu hayakuandikwa na mtu aliyefunzwa. Mwaka 2025 vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la kriketi la umri huo la 2026 kwa mara ya kwanza. Wa kwetu watafikaje huko ikiwa wiketi zao zinaishia katika masimulizi ya barazani?

Nadhani baadhi ya wajumbe bado wanaiona kriketi kuwa mchezo wa jamii moja yenye uwezo, na kwamba kuisaidia ni kuwaongezea walio nacho. Waje Jumamosi waone watoto wanaocheza pekupeku. Wewe uliwaona, Mheshimiwa. Ulisimama mbele ya wazazi wao ukasema mwaka wa fedha hautakwisha kabla ya vifaa kufika, nao wakakupigia makofi. Mwaka huo umekwisha, na ninayeulizwa na wazazi hao ni mimi.

Hatuombi uwanja mpya wala jukwaa. Tunaomba madaftari rasmi na mafunzo ya waweka alama wawili au watatu. Kama madaftari hayawezekani, tupatie mafunzo. Madaftari tutachanga wenyewe. Lirudishe fungu hilo kabla bajeti haijapitishwa, na safari hii tujibu kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa kujitolea wa kriketi,
Tanga