Msituchagulie kanuni kutoka Mjini

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Barua ya msomaji wenu wa Mji Mkongwe, ile iliyodai kuwa toleo jipya la Dungeons & Dragons limewadekeza wachezaji na kwamba meza zote za Unguja na Pemba zitupe kanuni za 2024 zirudi kwenye za 2014, nimeisoma mpaka mwisho, na zipo sehemu nimemkubalia. Lakini alipofika kutuamulia sisi wa huku tucheze nini, hapo naomba nafasi nimjibu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne watano hukaa pamoja, kila mmoja ana mhusika wake, huyu mpiganaji, yule mwizi, yule mchawi, na mmoja wao ni mwongozaji anayesimulia safari na kuwaendesha maadui. Likitokea jambo ambalo halina uhakika, hurushwa dadu lenye pande ishirini, unaongeza uhodari wa mhusika wako, na namba inayopatikana ndiyo hukumu. Mchezo huu ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na umeandikwa upya mara kadhaa tangu hapo. Kila ulipoandikwa upya watu waligombana.

Mimi nasomesha hesabu skuli ya sekondari hapa Wete na ndiye mwongozaji wa meza ya barazani kwangu. Wanaokuja ni mtoto wa dada yangu, wanafunzi wangu wa zamani, muuguzi mmoja, na kijana ambaye msimu wa karafuu ukianza hatumuoni tena mpaka mikarafuu iishe. Hakuna hata mmoja mwenye kitabu. Kanuni wanazozijua ni zile zilizotoka mdomoni mwangu na zile zilizomo katika daftari langu. Hata dadu hatuna. Mzee mmoja wa mtaani, mtu ninayemheshimu, alituambia kuwa dadu hazifai katika nyumba ya Waislamu hata kama hakuna senti inayowekwa, nami sikubishana naye. Tulichukua komwe ishirini za bao, nikaziandika namba kwa rangi ya kucha, zikatiwa katika mkoba wa ukili. Unachomoa moja, unaisoma, unairudisha. Ukitaka dadu la pande nane, tunabakisha komwe za kwanza nane.

Nayaeleza haya kwa sababu ndiyo yaliyonipa kipimo changu. Kanuni nzuri kwangu ni ile ninayoweza kumwambia mtu aliyekuja leo, kwa pumzi moja, akaielewa na kesho asiniulize tena. Ndugu yangu wa Mjini anapima kwa ukali: kanuni inayoua ndiyo ya kiume. Haya, tuzipime.

Tuanze na historia, maana ameandika kama kwamba kanuni za 2014 zilishuka zenyewe. Katika toleo la pili, la mwaka 1989, silaha yako ya kujikinga ilikuwa bora kadiri namba yake inavyoshuka. Kila mpiganaji alikuwa na namba yake ya kumpiga adui mwenye kinga sifuri, na ili ujue unahitaji ngapi, ulitoa kinga ya adui katika namba hiyo. Namba yako ni 18 na adui ana kinga 4, unahitaji 14. Mpaka hapo sawa. Lakini adui wakubwa walikuwa na kinga hasi. 18 kutoa hasi 3 ni ngapi? Wallahi kila mwaka nasahihisha karatasi za mtihani na kila mwaka wapo wanaoniandikia 15. Jawabu ni 21, namba ambayo dadu tupu haina. Mwaka 2000 toleo la tatu likageuza mambo: kinga kubwa ni namba kubwa, rusha, ongeza, ukifikia umepiga. Wapo waliolia kuwa mchezo umefanywa wa watoto wadogo. Leo huyu anayetetea "ukali wa zamani" anajumlisha kama sisi, hatoi.

Na 2014 ndiyo iliyoleta kile tunachokipenda kuliko vyote barazani kwangu: ukiwa na nafasi nzuri, chomoa mara mbili uchukue kubwa, ukiwa na nafasi mbaya, chomoa mara mbili uchukue ndogo. Basi. Zamani ulikuwa unajumlisha mbili kwa kuwa juu ya kilima, unatoa mbili kwa sababu ya giza, moja hii, moja ile, mpaka chai inapoa. Kanuni hii moja imefanya kazi ya orodha nzima. Aliyehitaji 11 alikuwa na asilimia 50. Kwa kuchomoa mara mbili anafika 75. Mtoto wa dada yangu alitaka komwe ya kwanza isirudishwe mkobani kabla ya ya pili, tuokoe muda. Nikamwambia akae chini apige hesabu: bila kurudisha inapita 76. Ni tofauti ndogo, lakini tayari alishaanza kutunga toleo lake.

Sasa kudekezwa. Ushahidi wa kwanza wa ndugu yetu ni uchovu, na hapa namshangaa, kwa kuwa amechagua mfano unaompinga. Katika kanuni za 2014 uchovu una daraja sita, na kila daraja ina adhabu yake. Ya kwanza, nafasi mbaya katika majaribio ya uwezo, kama kupanda ukuta au kumshawishi mlinzi. Ya pili, mwendo nusu. Ya tatu, nafasi mbaya katika kupiga na katika kujiokoa. Ya nne, uhai wako wa juu nusu. Ya tano husogei. Ya sita umekufa. Katika miaka yote niliyoongoza sijapata mchezaji aliyeweza kuzitaja sita bila kufungua daftari, na mimi mwenyewe ya pili na ya tatu zinanichanganya. Kanuni ya 2024 ni hii: kila daraja ya uchovu inakupunguzia 2 katika kila unachochomolea komwe ya ishirini, na futi 5 katika mwendo, daraja ya sita bado ni mauti. Imeisha. Halafu angalia: kwa kanuni ya zamani daraja ya kwanza haikugusa upanga wako kabisa. Mpiganaji aliyetembea jangwani bila maji alipiga vilevile kama aliyetoka kulala. Kwa mpya, tangu daraja ya kwanza upanga umeshakuwa mzito. Nani kadekezwa hapo?

Ushahidi wake wa pili ni paladini, shujaa wa dini anayepiga kwa upanga na kuongeza nuru juu yake. Zamani, kila pigo lililoingia aliweza kutumia akiba yake ya uchawi na kuongeza dadu mbili za pande nane, zaidi akitumia akiba kubwa. Paladini aliyefika ngazi ya tano ya mchezo ana mapigo mawili kwa zamu, kwa hiyo aliweza kuongeza nuru mara mbili, wastani wa 18 juu ya panga zenyewe, katika zamu moja. Toleo jipya limeifanya nuru hiyo kuwa uchawi unaokula kitendo cha ziada, na kitendo cha ziada ni kimoja kwa zamu. Mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye paladini wetu, alinuna jioni nzima. Mimi niliiona faida yake kwa muuguzi wetu. Yeye anacheza mwizi, anapanga, anazunguka nyuma ya adui, na zamu yake ikifika adui ameshalala chini kwa sababu paladini ametangulia kumwaga akiba yote. Sasa anapata cha kufanya. Dawa ya kuponya nayo imekuwa kitendo cha ziada, kwa hiyo unaweza kunywa na bado ukapiga. Hilo tulikuwa tunalifanya kabla hawajalichapisha, na nina hakika hata Mjini walikuwa wanalifanya.

Nisije nikaonekana wakala wa wauzaji wa vitabu. Kuna kanuni ya 2024 ambayo barazani kwangu haijaingia na haitaingia: umahiri wa silaha. Kila silaha imepewa tabia yake, moja kati ya nane. Hii inamsukuma adui, hii inamwangusha, hii inampunguzia mwendo, hii inaumiza hata ukikosa. Nane ni chache ukiwa na kitabu mapajani. Ukiwa huna, ni mimi ninayeulizwa kila pigo, "Mwalimu, shoka linafanya nini?" Na ile ya kuangusha ndiyo mbaya zaidi, kwani kila ukipiga adui naye anachomoa kujiokoa. Mapigo mawili, kujiokoa kuwili, mkoba unazunguka meza nzima wakati watu watatu wanapiga miayo. Yule kijana wa karafuu aliijaribu kwa mkuki wake wa ncha tatu akaniomba mwenyewe tuiache.

Na kuna moja ambayo ndugu yetu yuko sahihi, tena sahihi kuliko alivyoandika, kwa sababu yeye ametoa malalamiko tu na mimi nina hesabu. Kuvizia. Kanuni ya 2014: aliyeshtukizwa hasogei wala hafanyi kitu katika zamu yake ya kwanza. Kanuni ya 2024: aliyeshtukizwa anachomoa mara mbili kujua nani aanze, anachukua ndogo, halafu anacheza kama kawaida. Nimeipigia hesabu. Tuseme pande zote mbili zina uhodari sawa. Aliyevizia anachomoa moja, aliyeviziwa anachukua ndogo ya mbili: mara 31 hivi katika 100 aliyeviziwa ndiye anayeanza! Umejilaza kichakani tangu Alfajiri, umeziba pua, mlinzi anapita bila habari, na yeye ndiye anayekupiga kwanza. Ukiwa umejificha barabara, kanuni mpya inakupa wewe nawe kuchomoa mara mbili na kuchukua kubwa, na hapo inashuka mpaka 15 hivi katika 100. Bado ni nyingi, na hata ukitangulia umetangulia tu, hukupata ile zamu ya bure.

Najua sababu yao. Kwa kanuni ya zamani, maadui wanne wakiwavizia wahusika wapya wenye uhai wa 8 au 10, watu wanazikwa kabla hawajafanya chochote, na mchezaji aliyekuja siku ya kwanza anarudi nyumbani amekasirika. Ni kweli. Dawa yake iko mkononi mwa mwongozaji: usiwavizie wapya. Meza yangu inapenda njama. Wanaweza kukaa jioni nzima wakipanga nani apite kwenye mikoko na nani azime taa, na mpango huo ukifaulu unastahili malipo yake. Kwa kuvizia tumebaki 2014, kwa pande zote mbili, na wanajua kuwa siku yao nao itafika.

Ndiyo maana wito wake wa meza zote kushika toleo moja sikubaliani nao. Watu waliolikataa toleo la nne, la 2008, hawakumlazimisha mtu. Kampuni ya Paizo ilichukua kanuni za toleo lililotangulia, ikazifanyia marekebisho, na mwaka 2009 ikatoa Pathfinder, na kila aliyetaka akahamia huko. Sisi wenyewe tunalo bao la Kiswahili, ambalo kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi na lazima zinamuliwe kwanza, na tunalo bao la kujifunza, ambalo kete zote 64 zinapangwa mbili mbili tangu mwanzo. Sijasikia wazee wa barazani wakidai moja lichomwe moto.

Amegusia pia bei ya vitabu, kwamba kuhamia toleo jipya ni kuwatajirisha Wamarekani. Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Januari 2023 zilivuja habari kuwa wenye mchezo wanataka kubana leseni iliyowaruhusu wengine kutumia kanuni zao. Wachezaji wakawaka, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikarudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi za 2014 chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haifutiki. Mwaka 2025 wakafanya hivyo kwa kanuni za msingi za toleo jipya. Yaani yeyote anaweza kuzipakua bure, kuzitafsiri kwa Kiswahili, kuzichapa na hata kuziuza, mradi ataje zilikotoka. Daftari langu limetoka huko, si kwenye kitabu cha dukani wala faili la wizi. Sura za kupigana na za uchovu nimeshazimaliza. Uchawi bado, ni mwingi mno.

Alipendekeza meza ya pamoja Unguja na Pemba sikukuu ya Idd. Hilo nimelipokea kwa mikono miwili, na kwa kuwa Mjini wamezoea sisi ndio tupande boti, safari hii wao washuke Mkoani, gari za Wete zipo. Sharti langu ni kwamba kanuni zisomwe na kuafikiwa kabla mtu hajaandika jina la mhusika wake. Asiyeafiki aseme hapo hapo, sio joka limeshatoka pangoni. Kuvizia tutatumia kanuni yake ya 2014. Uchovu tutatumia wa 2024. Na paladini wake, kama atamleta, nuru ni mara moja kwa zamu.

Mwalimu wa hesabu,
Wete, Pemba