Kwenu wanangu mnaokusanya data za tasnifu hapa Mombasa

Assalamu alaykum wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaorudi jioni na matope ya hori la Tudor hadi magotini, daftari likiwa kwapani.

Kabatini kwangu nina daftari ambalo jalada lake limeliwa na chumvi. Ndani mna mikoko niliyoipima Mikindani, siku baada ya siku, nikingojea maji yatoke. Kwenye safu ya aina ya mti niliandika “MK”. Siku ile nilijua maana yake. Nilipokaa kuchambua, miaka miwili baadaye, sikuweza kusema kama ni mkoko wenyewe au mkandaa, aina nyengine ya miti hiyo ya mikoko. Kurasa zile zote nilizitoa kwenye hesabu.

Basi siku hiyo hiyo, kabla hamjalala, andikeni karatasi ya maelezo: kila kifupisho kina maana gani, urefu ni wa mita au sentimita, nani alishika kamba ya kupimia, ilikuwa bamvua, maji makubwa, au maji mafu, yale madogo. Tarehe anzeni na mwaka, 2025-04-03, kwani 3/4 kwetu ni Aprili, lakini kompyuta iliyopangwa Kimarekani huisoma Machi. Data ghafi, ile mliyoiandika kama ilivyo, msiiguse. Fanyieni kazi nakala yake.

Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ikae mbali na nyumbani. Kompyuta na flashi zikiwa mkoba mmoja, mkoba ukiibwa kwenye matatu hamna kitu.

Linaloniuma zaidi ni watu. Mvuvi wa Likoni akikwambia anavua kilo ngapi na anadaiwa na nani, amekupa amana. Nimeona dodoso zenye majina na namba za simu zikirushwa kwenye kundi la WhatsApp ili wenzake mtafiti wamsaidie kuziingiza. Msifanye hivyo, hata msimamizi akiwaharakisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mvuvi yule, na hata isingekuwepo, kuona haya kungetosha. Mpeni kila mtu namba badala ya jina lake, na orodha ya majina ikae faili jengine lenye nenosiri.

Kisha mpelekeeni majibu. Mimi niliporudi Mikindani, mzee aliyenishikia kamba aliniuliza mikandaa yao ni mingapi. Nilimtazama usoni, sikuwa na jibu la kumpa.